Baiskeli Kumi na Nne, Magari Manne



Wasomaji wetu watukufu, tumekuwa tukiulizwa msikitini, madukani na hata katika maarusi, ni watu gani wale ambao Jumapili asubuhi huonekana katika mitaa ya Wealdstone wakifunga baiskeli juu ya magari kana kwamba wanahama mji. Ni sisi. Sisi ni familia tisa za Harrow, Wealdstone na Rayners Lane. Wengi wetu asili yetu ni Unguja na Pemba, wengine Mombasa na Lamu, na nyumba moja ni ya jamaa zetu wa Barawa. Tangu mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, hali ya hewa ikiruhusu, tunakwenda na watoto wetu mashambani kupanda baiskeli kutwa nzima, na jioni tunarudi. Hatushindani na mtu, hatuvai nguo za kubana, wala hatuhesabu maili. Mhariri ametutaka tuandike habari hizi, nasi tumekubali, kwani jambo lenyewe limepita katika mtihani ambao nyumba nyingi za hapa zitautambua.

Swali la kwanza la kila anayesikia ni hili: baiskeli ni kipando, yawaje nayo ipandishwe juu ya kipando kingine? Jawabu ni kwamba Harrow ni mji wa vilima na magari. Kutoka hapa mpaka Rickmansworth ni maili nane au tisa kwa barabara, na barabara hiyo, kupitia Pinner na Northwood, si mahali pa mtoto wa miaka saba ambaye bado anatazama gurudumu lake badala ya kutazama mbele. Anayedhani tunatia chumvi na ateremke Grove Hill, ile njia inayoshuka kutoka mji wa juu wa Harrow, asome kibao kilichowekwa pale mwaka 1969. Kinaeleza kwamba tarehe 25 Februari 1899 ilitokea mahali pale ajali ya gari ya kwanza kuandikwa katika nchi hii ambayo ilimuua dereva. Dereva alikuwa Edwin Sewell. Gari lilikuwa likiteremka kwa kasi, gurudumu la nyuma likavunjika, naye akafa papo hapo. Abiria wake, Meja James Richer, akafa siku chache baadaye. Kila mtoto wetu anayepata baiskeli yake ya kwanza tunampeleka pale, kwa miguu, asomewe kibao hicho, kisha ndipo tunapomfundisha breki.

Treni ya Metropolitan inaruhusu baiskeli nje ya saa za msongamano, na vijana wetu wawili watatu huitumia. Lakini baiskeli zote pamoja na watoto wadogo, mikeka na vikapu vya sambusa haviingii behewa moja bila ya kuleta ugomvi. Kwa hiyo gari ndilo linalotufikisha mahali penye amani, na hapo ndipo baiskeli inapoanza kazi yake.

Mahali penyewe, mara nyingi, ni hiyo Rickmansworth. Pale huanza njia iitwayo Ebury Way, iendayo Watford, maili tatu na ushei, nayo ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Sababu ni kuwa zamani ilikuwa reli. Ilifunguliwa mwaka 1862, na abiria wakaacha kuitumia mwaka 1952. Garimoshi halipendi mlima, kwa hiyo wale waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde ili lipite kwa wepesi. Na wepesi ule ule waliouchimbia kwa majembe ndio unaomsaidia leo mama mwenye magoti mabovu na mtoto mwenye magurudumu mawili ya ziada pembeni. Reli nyingi za namna hii zilikufa nchi nzima. Nyingine zilijifia zenyewe kama hii, na nyingine ziliuliwa baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya elfu mbili. Watu wa jumuiya ya Sustrans, iliyoanzia Bristol mwaka 1977, ndio walioona kwamba maiti hizi za reli zafaa kufufuliwa kuwa njia za baiskeli, na mwaka 1995 wakapata zaidi ya paundi milioni 40 kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa ili kuziunganisha. Walitokea miongoni mwetu waliouliza iwapo inafaa kupita juu ya njia iliyojengwa kwa fedha za kamari. Suala hilo tuliliachia wanavyuoni, nasi tukaendelea kukanyaga.

Kando ya Rickmansworth yako maziwa ya Aquadrome, ambayo asili yake ni mashimo. Kokoto zake zilichimbwa kwa ajili ya kujengea uwanja wa zamani wa Wembley, uliofunguliwa mwaka 1923, na maji yakajaa pale palipobaki wazi. Watoto wetu, ambao kutoka madirisha ya ghorofani wanaiona tao ya Wembley mpya, walistaajabu sana kuambiwa kuwa mabata wale wanaogelea ndani ya uwanja wa mpira. Mfereji mkuu wa Grand Union nao unapita hapo hapo, na kando yake iko njia waliyopita farasi wakivuta mashua za mizigo. Njia hii ni nyembamba, na adabu yake ni moja: anayekwenda kwa miguu ndiye mwenye haki. Tumewafundisha watoto wapige kengele mapema, wapunguze mwendo, na waombe njia. Basi wao wenyewe wakachagua kuomba njia kwa neno walilolisikia kwa mzee wetu mmoja, lile la mahamali wetu wa bandarini: "Simile! Simile!" Waingereza wanaotembea na mbwa wao wanadhani wanaambiwa watabasamu, nao hutabasamu kweli, wakapisha. Hatujapata sababu ya kuwasahihisha.

Mara moja kwa mwaka, katika siku ndefu za kiangazi, tunakwenda mbali zaidi, mpaka Princes Risborough, kiasi cha saa moja kwa gari, ambako iko njia nyingine ya reli ya zamani iendayo Thame, maili saba. Garimoshi la abiria la huko lilikoma Januari 1963. Njia hiyo inaitwa Phoenix Trail, na siku ya kwanza tulipokisoma kibao wazee wetu waliangua kicheko, kwani Phoenix kwetu si ndege wa hadithi wala si njia. Ni baiskeli ya Kichina, nyeusi, yenye kengele kubwa, ambayo katika pwani yote nani asiyeijua? Mmoja wao alisema kwamba laiti angelijua Waingereza wataijengea njia yake, asingeliiuza ile yake alipoondoka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kupakia, ambayo wengi hudhani ni nguvu na kumbe ni mpango. Fundi wetu ni mzee wa Pemba ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa utingo wa basi baina ya Wete na Chake Chake. Juu ya basi lile alifunga magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, matenga ya kuku, na baiskeli za watu ambao walikwenda mjini kwa gari na kurudi shamba kwa kukanyaga. Anasema kwamba baiskeli ndiyo mzigo mbaya kuliko yote, kwa sababu haina ubavu wa kulalia na kila upande ina kitu cha kumchoma mwenziwe. Basi kanuni zake ni hizi, nasi tunazifuata kama askari.

Baiskeli kubwa hutangulia kufungwa, ndogo hufuata. Usukani wa moja huelekea kulia, wa pili kushoto, ili zilaliane bila kugombana. Pedeli iliyo karibu na spoki za jirani huzungushwa ikaangalia nje, au hutolewa kabisa. Baina ya fremu na fremu huwekwa kipande cha kanga kuukuu, kwani rangi ya baiskeli ya mtoto ikichubuka, safari nzima huwa ya machozi. Gurudumu la mbele hufungwa lisizunguke, maana upepo wa barabara kuu hulizungusha mpaka likalia kama cherehani. Pampu, chupa za maji na kiti cha mtoto mchanga huondolewa vyote na kutiwa ndani ya buti. Zile kamba za mpira zenye kulabu zinazouzwa madukani mzee wetu amezipiga marufuku, kwa kuwa kulabu ikifyatuka huenda jichoni. Yeye hutumia mikanda yenye kifungo cha chuma, na kwa vitu vidogo hutumia vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa, kama tulivyokuwa tukifungia mizigo juu ya keria kwetu. Na hata baada ya yote hayo, tukifika Northwood tunasimama, kila dereva anashuka, anakaza mikanda upya. Mikanda mipya hulegea maili chache za mwanzo, kisha hutulia.

Uzito nao una sheria yake. Baiskeli ya mtu mzima ina kilo 12 mpaka 16, na kitabu cha gari husema juu ya paa kinachukulika kiasi gani. Magari mengi ya kawaida hayazidi kilo 75, pamoja na vyuma vyenyewe vya kufungia. Kwa hiyo baiskeli nyepesi hupanda juu na nzito hukaa nyuma. Zikikaa nyuma huziba namba ya gari na taa, na hilo katika nchi hii ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika paundi 1,000. Hivyo lazima kuning'iniza nyuma ya baiskeli ubao wenye namba ile ile ya gari na taa zinazowaka pamoja na za gari. Na anayebeba juu ya paa asisahau kuwa gari lake limekuwa refu. Milango mingi ya viegesho vya magari ina chuma kilichopitishwa juu chini ya mita mbili na nusu. Mmoja wetu ameandika kikaratasi "BAISKELI JUU" akakibandika mbele ya usukani wake, na mkewe akamwambia ni vyema angelibandika na kingine cha "MKE PEMBENI", kwani siku hizo za safari huzungumza na mikanda tu.

Mzee wetu mwenyewe hana baiskeli nyepesi. Anayo Raleigh ya chuma, yenye kava ya mnyororo, dinamo na keria, iliyotengenezwa Nottingham zamani, kabla ya kiwanda cha huko kuacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Ina kilo ishirini na zaidi. Aliinunua kwa jirani yake, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala na kufukuzwa pamoja na wenziwe mwaka 1972, siku tisini za Idi Amin, na ambaye Kiswahili chake hakijaota kutu hata kidogo. Baiskeli ilikaa gereji miaka mingi. Walipatana bei kwa Kiswahili, kwa kupandishana na kuteremshana nusu saa nzima, ingawa mwenye mali alikuwa tayari kuitoa bure. Wote wawili, tunadhani, walikuwa na hamu ya kupatana bei kuliko ya kuuziana baiskeli.

Mpaka mwaka 2023 mambo yalikuwa mepesi, kwa sababu ndugu yetu mmoja alikuwa na gari kubwa la mizigo alilotumia wiki nzima kupelekea watu samani. Jumapili yetu alilitoa bure. Gari lile lilimeza baiskeli kumi na mbili zikiwa zimesimama, zimetenganishwa kwa magodoro ya zamani, na kumi zilizobaki tulizifunga katika magari madogo. Ishirini na mbili! Hakubaki mtu nyumbani ila mgonjwa na mwenye zamu ya kazi.

Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ushuru wa hewa chafu la London lilipanuliwa, likaingia mitaa yote ya nje, na Harrow ikiwamo. Baraza la Harrow na mabaraza mengine manne walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu kulipinga, na Julai ya mwaka ule wakashindwa. Gari la dizeli la zamani lisilofikia kipimo likawa hulipiwa paundi 12.50 kwa kila siku linayoendeshwa, Jumapili haikuachwa. Ndugu yetu alihesabu, akaliuza, akaajiriwa udereva na watu wengine. Hatuandiki haya kuulaumu ushuru wenyewe. Miongoni mwa watoto wetu wamo wenye pumu, na wazazi wao wana rai yao, nayo ina nguvu. Tunaeleza tu kwamba siku alipouza gari lile, nafasi za baiskeli ishirini na mbili zilirudi zikawa kumi.

Tulikutana sebuleni kwa mmoja wetu, wanaume upande huu na kina mama upande ule, chai na visheti katikati. Hesabu ilifanywa juu ya karatasi. Rai ya kwanza iliyotolewa, na iliyotolewa kwa nia njema, ni kwamba waende kina baba na watoto wa kiume, na kina mama wapumzike, kwani nao wamechoka. Rai ya pili ilikuwa kwamba mabinti waliokwisha baleghe waache kabisa, na hivyo nafasi zitapatikana zenyewe. Karatasi ilikuwa karibu kukunjwa.

Ndipo aliposema mama mmoja wa watoto watatu, ambaye kazi yake ni ya usiku, kuangalia wazee katika nyumba ya kulelea. Mama huyu hakuwahi kugusa baiskeli kwao Ng'ambo. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika kiegesho cha duka kubwa, Jumapili asubuhi kabla ya duka kufunguliwa, mwanawe wa miaka kumi akimshika tandiko kwa nyuma na kumwambia maneno yale yale ambayo mama alikuwa akimwambia yeye. Alisema, "Kaka zangu, nasikia hesabu ya baiskeli tangu magharibi, sijasikia hesabu ya watu. Mimi siku thelathini nasukuma viti vya wagonjwa. Siku moja nasukumwa na upepo. Na hiyo moja ndiyo mnayoiona ya kupunguza?"

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kisha shangazi yetu mkubwa kuliko wote, ambaye yeye hapandi bali hukaa na vikapu, akasema kwamba kama ni kupumzika, yeye hajapata kumwona mwanamke akipumzika katika nyumba ambayo wanaume watarudi na njaa saa kumi na mbili jioni.

Suala la mabinti lilikuwa zito zaidi, na hatutaki kulipitia juu juu, kwa sababu wasomaji wengi wanalo majumbani mwao. Baba mmoja mwenye binti wa miaka kumi na minne alisema maneno ambayo bado tunayakumbuka: "Akiacha kufuatana nasi, atafuatana na nani?" Mwengine, ambaye ni mtu tunayemheshimu sana, alishika kwamba haya ya mtoto wa kike ni kitu kisichorudi, na kwamba njia ya wazi si mahali pake. Yalizungumzwa mavazi. Kwa kweli upande huo ndio uliokuwa mwepesi: suruali pana, kanzu ifikayo magotini, mtandio uliobanwa chini ya kofia ngumu, baiskeli ya kike isiyo na mwamba wa juu, na kava ya mnyororo ili nguo isivutwe. Lakini yule ndugu yetu hakuwa akizungumza juu ya nguo, na sote tulijua. Tangu siku ile binti zake wawili hawaji. Hawakukatazwa na sisi, wala hatumlaumu baba yao. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunaona nafasi zao tu, hasa ya yule mdogo, aliyekuwa akitangulia mbele ya wote na kurudi kutuambia kuna nini baada ya kona.

Nafasi garini ilitoka mahali ambapo kina baba hatukupatazamia. Kina mama wana mchezo wao, upatu wa kila mwezi, kila mmoja akichangia na mmoja akipokea. Mwezi wa Oktoba zamu ilikuwa ya yule mama wa kazi ya usiku. Alipokea fedha zake, wenziwe wanne wakaongeza, wakanunua keria ya kufungwa nyuma ya gari kwenye chuma cha kuvutia tela, yenye kubeba baiskeli nne, pamoja na ubao wake wa taa. Kitu hicho si rahisi. Hufika mamia ya paundi. Wakaileta sebuleni katika sanduku lake, wakasema ni amana ya jumuiya, lakini yenye sharti: daima ibebe baiskeli mbili za kina mama. Sharti halikujadiliwa.

Kwa hiyo hivi sasa tunakwenda na magari manne. La kwanza lina keria ya kina mama, baiskeli nne. La pili hufungwa tatu nyuma kwa mikanda. La tatu tatu juu ya paa. La nne mbili juu ya paa, na mbili za watoto wadogo ndani ya buti, magurudumu yakiwa yametolewa. Jumla kumi na nne. Si ishirini na mbili, na hatujidanganyi. Familia huenda kwa zamu, na watoto hushirikiana: watatu wana baiskeli mbili, na katika kila benchi anayetembea hupanda na mmoja aliyepanda hutembea. Jambo hili lilianza kwa manung'uniko makubwa. Sasa tunaona kwamba yule anayetembea ndiye anayezungumza na wazee, na kwa kuwa wazee hawana Kiingereza cha kutosha kujibu maswali yote yale, anazungumza Kiswahili. Yuko mvulana ambaye kwa miaka tulidhani hakijui, kumbe hakuwa na mtu wa kutembea naye.

Kuhusu sala, Ebury Way na mfereji ni karibu mno kuhesabiwa safari, kwa hiyo hatupunguzi. Huchukua mikeka miwili na chupa za maji ya udhu, na adhuhuri tunasali juu ya majani, mbali kidogo na njia. Katika Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote huingia baina ya saa sita mchana na saa kumi jioni, na mtu akishuka kwenye baiskeli mara tatu kusali ndani ya muda huo hajapanda baiskeli; kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Januari tunapumzika, na fundi wetu hutia mafuta minyororo ya watu wote. Katika Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na hapo tatizo ni kinyume chake: watoto hawataki kurudi.

Liko na jambo la baiskeli zinazowabana watoto. Mtoto huwa mrefu kila mwaka na baiskeli hairefuki. Mwanzo tulizigawa baina yetu. Sasa zinazobaki tunazipakia katika kontena la ndugu wanaopeleka mizigo Zanzibar, pedeli zimetolewa, usukani umegeuzwa ukalala sambamba na fremu, pancha zimezibwa kabisa. Mzee wetu hukataa kupeleka baiskeli yenye pancha. Anasema huko kuna mtoto atakayeisubiri bandarini, na hatakubali kuwa wa kwanza kumfundisha kuzisukuma.

Safari yetu ya mwezi ujao ni ya Ebury Way, Inshaallah, Jumapili ya pili. Tunakutana baada ya sala ya alfajiri na chai, tunapakia saa mbili, tunaondoka saa tatu kamili. Tunatafuta gari la tano. Mwenye gari lenye vyuma juu ya paa, au chuma cha tela nyuma, na ambaye Jumapili hiyo hana zamu ya kazi, na amwambie yeyote kati yetu baada ya sala ya Ijumaa. Mikanda, vipande vya kanga na fundi tunavyo. Kwa wasiojua kupanda, wakubwa kwa wadogo, masomo ni katika kiegesho kile kile, kabla ya duka kufunguliwa, na mwalimu ni yule mvulana aliyemfundisha mama yake. Yeye sasa ana miaka kumi na sita, na ni mkali.